Mulago Isiyo na Wodi

Uganda ina Mulago mbili. Ya kwanza kila mkazi wa Kampala anaijua: hospitali ya rufaa ya taifa, juu ya kilima chenye jina hilohilo, iliyoanza mwaka 1913 ikiwa kituo kidogo cha kutibu magonjwa ya zinaa na kupata jengo lake kubwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Ya pili haina wodi wala mapokezi. Ni dimbwi la maji moto katikati ya mawe, huko Kitagata, wilayani Sheema, kwenye barabara ya Ishaka kwenda Kagamba, zaidi ya kilomita 300 kusini magharibi mwa Kampala. Wagonjwa wake hawafunguliwi faili. Wanavua viatu, wanakunja nguo, wanaketi.

Dimbwi hilo limepewa jina la hospitali kwa kuwa linaaminiwa kuponya. Katika nchi ambayo aliyeshindikana zahanati hupelekwa hospitali ya wilaya, na aliyeshindikana wilayani hupelekwa Mulago, hakuna cheo kikubwa kuliko hicho cha kulivika bwawa. Pembeni yake liko dimbwi la pili, Ekyomugabe, yaani la mfalme, ambako Omugabe wa Ankole alikuwa akioga. Serikali ya Rais Obote ilizifuta falme mwaka 1967. Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishiwa watawala wao wa jadi katika miaka ya 1990, Ankole haikurudishiwa. Kwa hiyo Kitagata leo ina bafu la kifalme ambalo mwenyewe hayupo.

Majina hayo mawili, la hospitali na la ikulu, yanabeba karibu historia nzima ya maji moto duniani. Watu huyafuata kwa ajili ya dawa, tena huyafuata kwa ajili ya starehe, na tangu zama za Warumi wamekuwa wakijitetea kwa moja kila wanaposhikwa na la pili.

Safari ya kutoka Kampala hula siku. Basi hushika barabara ya Masaka, huvuka ikweta pale Kayabwe ambako watalii hushuka kupiga picha, hupita Lyantonde na Mbarara, kisha huingia kwenye vilima vya migomba. Anayeshuka Ishaka hutafuta teksi ya kumalizia kipande kilichobaki. Wanaofanya safari hiyo wengi si vijana. Ni wenye magoti yanayogoma ngazi, wenye migongo iliyochoshwa na jembe au kiti cha ofisi, wenye ngozi inayowasha bila kusikia marhamu. Wanawake wana upande wao, wanaume upande wao. Mtu huanza na miguu, hupanda taratibu hadi kiunoni, hujimwagia mabegani kwa kikopo. Wapo wanaolala kwenye mawe yenye joto wakiwa nusu uchi, na wapo wanaokinga maji kwenye jerikeni kumpelekea mgonjwa asiyeweza kusafiri. Wengine huyanywa, jambo ambalo tutalirudia.

Mazungumzo hayakomi. Huko ndiko mtu hupata habari ya mganga wa mifupa wa Bushenyi, bei ya ng'ombe, na binti wa fulani aliyeolewa Kanada. Hospitali ya serikali ya Kitagata nayo iko katika mji huohuo, ikiwa na madaktari, maabara na foleni zake. Mgonjwa anayetoka kwa daktari asubuhi na kuteremka dimbwini mchana haoni mgongano wowote. Haki yake. Daktari alimpa dakika tano. Dimbwi litampa alasiri nzima, pamoja na watu wa kumsikiliza anapoeleza goti linavyouma.

Joto lenyewe halina muujiza. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za miamba, na kila kilomita yanayoshuka hukuta joto limeongezeka kwa takribani nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Magharibi mwa Uganda, ambako Bonde la Ufa limeipasua ardhi kutoka Ziwa Albert hadi Ziwa Edward na kuendelea kusini, nyufa hizo ni nyingi na zinakwenda chini sana. Maji hushuka yakiwa baridi, hupata moto, huyeyusha madini ya miamba yanayopita, halafu hupata njia ya kupanda haraka kabla hayajapoa. Kwenye jicho la chemchemi ya Kitagata yanaweza kufika nyuzi 80. Hakuna ngozi ya binadamu inayostahimili hayo. Ndiyo maana waogaji hukaa mbali na jicho, mahali ambapo maji yamekwisha kutambaa na kupoa. Mgeni hahitaji kibao cha onyo, kwa maana atapigiwa kelele na nusu ya waliomo kabla hajakosea.

Kuna mahali pengine ambako habari ya kuoga haipo kabisa. Sempaya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Semuliki wilayani Bundibugyo, maji hutoka yakikaribia kuchemka na wageni huyatumia kupikia mayai na ndizi. Chemchemi ziko mbili, ya kiume na ya kike. Ukoo wa Bamaga husimulia juu ya mwindaji mwenye manyoya mwilini aliyetokea upande wa Kongo, akaoa huko, akaenda kuwinda asirudi. Mkewe Nyansimbi alipomtafuta alikuta mkuki wake kando ya maji, naye akatoweka vivyo hivyo. Wanaume wa ukoo huo hutambika kwenye chemchemi ya kiume, wanawake kwenye ya kike. Serikali ilipaita pahala hapo hifadhi ya taifa mwaka 1993. Bamaga walikuwa wakipaheshimu miaka mingi kabla ya hapo, bila askari wa wanyamapori.

Na kuna Kibiro, ambayo mwandishi yeyote wa historia ya maji ya madini Afrika Mashariki akiipita haraka atakuwa ameipita hazina. Kijiji hicho kiko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ufukweni mwa Ziwa Albert, wilayani Hoima. Mvua ni chache na ardhi haikubali kilimo. Inachotoa ni chumvi. Maji moto yanayobubujika chini ya ukingo huo yana chumvi nyingi, na hupenya kwenye udongo wa chini. Wanawake wa Kibiro hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi hiyo yenye unyevu, jua linayavuta maji juu na kuiacha chumvi. Udongo hukwanguliwa, huchujwa kwa maji, na maji hayo huchemshwa juu ya kuni hadi ibaki chumvi nyeupe ya kufungwa na kuuzwa. Kisha udongo uleule hurudishwa bustanini kuanza upya. Hakuna kinachotupwa.

Bustani za chumvi ni za wanawake, na mama humrithisha binti. Wanaume huvua samaki. Mwanaakiolojia Graham Connah, aliyefukua mabaki ya kijiji hicho na kuandika kitabu kukihusu mwaka 1996, aliona kwamba kazi hiyo imekuwa ikifanyika kwa takribani miaka 900. Ni zaidi ya umri wa falme nyingi ambazo watoto hufundishwa shuleni. Chumvi ya Kibiro ilikwenda Bunyoro yote na kurudi ikiwa vyakula, kwa sababu kijiji kisicho na shamba lazima kile cha wengine. Kwa hiyo kabla hata maji moto ya Uganda hayajawa dawa ya mgongo, yalikuwa biashara, tena biashara iliyoshikwa na wanawake. Tangu mwaka 1997 Kibiro imo kwenye orodha ya awali ya Uganda ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia wa UNESCO. Orodha hiyo ni ya kungojea tu, na Kibiro bado inangoja.

Wakoloni nao walikuwa na hesabu zao. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia iliyokuwa Entebbe, alichapisha maelezo ya chemchemi za moto na za madini za Uganda mwaka 1935. Mwaka 1954 mashimo manne yalitobolewa Buranga, penye chemchemi zilezile za Sempaya, kuchungulia joto la chini. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wamekwisha kupiga hatua ya mbele zaidi upande wa pili wa mpaka: huko Kiabukwa, Katanga, maji ya chemchemi yenye nyuzi 91 yaliendesha mtambo mdogo wa umeme wa mgodi mwaka 1952, wa kwanza wa aina yake Afrika. Kenya iliwasha mtambo wa Olkaria mwaka 1981, na miaka mingi baadaye kampuni ya umeme ya KenGen ikachimba bwawa la kuogelea hapohapo na kulijaza maji ya visima vya mvuke. Leo Mnairobi hulipa kiingilio kuloweka mwili kwenye maji yaliyokwisha kutoa umeme wa kumulika nyumba yake. Uganda bado inachunguza: Kibiro, Buranga, Katwe ya magharibi na Panyimur ndizo zinazotajwa kila mara, na hakuna hata moja iliyokwisha kutoa umeme.

Hadithi moja ya maji moto ya Kenya inaishia Kampala. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, akiwa njiani kuja Buganda, alipita kwenye ziwa la Bonde la Ufa lenye chemchemi zinazorusha maji hewani. Wazungu wakaliita Ziwa Hannington. Sasa ni Ziwa Bogoria. Mwaka huohuo aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mifupa yake baadaye ikazikwa Namirembe.

Watawala wa pwani wao walijenga. Huko Zanzibar, Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Shah Fath Ali, hamamu ya Kidichi mwaka 1850, katikati ya mashamba ya mikarafuu, ikiwa na nakshi za Kiajemi kutani ambazo hadi leo zinaonekana. Hiyo ilikuwa Ekyomugabe ya Unguja: maji ya watawala, baada ya kukagua mashamba na kuwinda. Mwanawe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akafanya jambo ambalo baba hakulifanya. Alijenga hamamu mjini kwa ajili ya watu wote wenye kulipa, chini ya usimamizi wa fundi kutoka Iran, Haji Gulamhussein. Ilikuwa na chumba cha joto, chumba cha baridi, vinyozi na sehemu ya kupumzika, na moto wa kuni ulipasha sakafu kutoka chini. Ilifungwa mwaka 1920. Mtaa unaoizunguka bado unaitwa Hamamni, na ukipita hapo watoto wa mtaa wanaweza kukuonyesha mlango bila kujua Barghash alikuwa nani.

Hamamni haikuwa na madini yoyote. Maji yalikuwa ya kawaida, moto ulikuwa wa kuni. Watu walikuja hata hivyo, na hilo linapaswa kumsumbua kila anayedai kwamba siri ya bafu iko kwenye salfa. Kwa wapenda salfa, Tanga ilikuwa na jibu: chemchemi za Amboni, zinazonuka yai viza, ambazo Mgiriki Christos Galanos, tajiri wa mkonge, aliziwekea mabafu. Jina lake limebaki kwenye chemchemi na kwenye shule ya sekondari ya mjini.

Lakini mji uliojengwa kwa sababu ya kuoga tu ni Addis Ababa. Mwaka 1886 Mfalme Menelik alikuwa na kambi yake juu ya mlima Entoto, penye baridi na kuni za kutafuta kwa shida. Mkewe Taytu aliteremka kwenye chemchemi za maji moto za Filwoha, akapapenda, akataka nyumba ijengwe. Watu wa ikulu walimfuata, majeshi yakafuata, wafanyabiashara wakafuata. Mabafu ya Filwoha yanafanya kazi hadi sasa katikati ya jiji, na mlango wake unapokea waziri na mpangaji wa chumba. Hakuna jiji jingine kubwa Afrika Mashariki linaloweza kusema limezaliwa na beseni.

Kampala haina bahati hiyo. Vilima vyake vina chemchemi, ila ni za maji baridi, zinazotoka mabondeni penye makazi ya watu: Kisenyi, Bwaise, Katwe, Makerere Kivulu. Waganda huziita ensulo. Karibu mwaka 1930 mitambo ya Ggaba ilianza kusukuma maji ya Ziwa Victoria mjini, lakini mamia ya chemchemi zilizojengewa ukuta na bomba bado huhudumia wasio na mfereji nyumbani, au wenye mfereji unaotoa hewa. Watoto hupanga jerikeni za njano kuanzia alfajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Guy Howard na wenzake ulionyesha kwamba chemchemi hizo huchafuka haraka mvua inaponyesha, kwa kuwa maji machafu ya juu hupenya nyuma ya ukuta pale ambapo ulinzi wake umebomoka. Maji yanayoonekana kama kioo yanaweza kuwa na kinyesi. Wakazi wanajua, na wenye kuni huyachemsha.

Kutokuwa na maji moto ya asili hakujawazuia Waganda kuoga kwa nia ya kupona. Mtoto mchanga wa Kiganda huogeshwa ekyogero, maji yaliyolowekwa majani kama ya bombo, ili ngozi iwe nyororo na bahati imkae. Majani hayo huuzwa sokoni Owino kwa mafungu, na mama wa ghorofa ya Naalya huyanunua sawa na mama wa Kalerwe. Mashariki ya jiji, kilomita zaidi ya 30 kwenye barabara ya Jinja, yapo maporomoko ya Ssezibwa, mto ambao hadithi ya Buganda inasema ulizaliwa na mwanamke aitwaye Nakangu, wa ukoo wa Ffumbe. Watu huenda kunawa huko kuondoa mikosi, wakiacha sarafu, mayai na majani. Mchungaji anapowasema Jumapili, wengine wao wanamwitikia amina.

Halafu ipo sauna. Ukitembea Kampala jioni, kutoka Ntinda hadi Kabalagala, Bukoto hadi Najjera, utasoma vibao vya mvuke, sauna na masaji kwenye hoteli kubwa, kwenye jimu, na kwenye nyumba za kawaida zilizogeuzwa kwa mabati na mbao. Katika zile za mtaani, pipa la maji huchemshwa kwa kuni nyuma ya ukuta na mvuke kuingizwa ndani kwa bomba, ukiwa umetiwa majani ya mkaratusi, kalittunsi kwa Waganda. Mteja hupewa shuka na ndara. Ndani wanakaa wanasheria, madereva wa teksi, walimu, wafanyabiashara wa Kikuubo, na mara kwa mara mtu anayedaiwa na mwingine aliye kwenye ubao wa juu yake. Siri za mikataba na za ndoa hutoka pamoja na jasho. Nje kuna nyama choma na bia.

Muulize yeyote kati yao kwa nini yuko pale. Atasema presha, mafua, uchovu wa mgongo, kupunguza uzito, kusafisha sumu mwilini. Hapo ndipo Ekyomugabe inavaa koti la Mulago. Sauna nyingi za mtaani huchanganya wanaume na wanawake, na magazeti ya Kampala hayaishiwi makala za mke aliyemfuata mumewe huko au za mhubiri anayetaka zifungwe. Zilifungwa kweli mwaka 2020, pamoja na jimu na baa, KOVID-19 ilipoingia. Wakati huohuo ng'ambo ya ziwa, Rais Magufuli wa Tanzania alikuwa akihimiza wananchi wajifukize kama kinga. Nchi mbili jirani, mvuke uleule: huku umepigwa marufuku kama hatari, huko umesifiwa kama dawa. Virusi havikusikiliza upande wowote.

Basi maji moto yanatibu nini hasa? Jibu la watafiti ni la kiasi, na pengine linakera pande zote mbili. Joto hulegeza misuli na kutanua mishipa ya damu, na mwili uliozama majini huondolewa sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo goti bovu hupumzika. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2007 kuhusu watu waliochakaa viungo yaliona nafuu fulani kwa wanaooga maji ya madini, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu. Mapitio ya mwaka 2015 kuhusu baridi yabisi hayakuona ushahidi wa kutosha. Salfa ni dawa halali ya upele, ila katika marhamu yenye kipimo kinachojulikana. Wafini, ambao wana sauna takribani milioni tatu kwa watu milioni tano na nusu, wameupa mvuke heshima yake ya kitabibu: utafiti uliofuatilia wanaume 2,315 wa mashariki mwa Finland, uliotolewa mwaka 2015, uliwakuta wanaoingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki wakifa kwa moyo mara chache kuliko wanaoingia mara moja. Huenda ni sauna. Huenda pia mwenye nafasi ya kuingia sauna kila siku hana mambo mengi yanayoua moyo.

Imani ya madini imewahi kuua. Mwaka 1903 mwanafizikia J. J. Thomson aligundua mionzi kwenye maji ya visima, na wauzaji wa afya wakaamini wamepata siri iliyokuwa ikitafutwa tangu Warumi. Maji yaliyotiwa radiamu yakauzwa kwenye chupa. Tajiri wa Marekani Eben Byers alikunywa chupa nyingi za moja ya dawa hizo na kufa mwaka 1932, mfupa wa taya ukiwa umeoza. Na mjini Bath, Uingereza, ambako Warumi walijenga mabafu kwenye chemchemi ya nyuzi 46, mwaka 1978 msichana aliyeogelea humo alikufa kwa amiba aina ya Naegleria fowleri, kiumbe anayependa maji vuguvugu na kuingia kwenye ubongo kupitia pua. Mabafu ya kale yakafungwa kwa waogaji. Jiji lilijenga bafu jipya, lenye maji ya visima yanayosafishwa, likafunguliwa mwaka 2006.

Kitagata haijafanya hata robo ya hayo. Watu wenye vidonda na watu wenye magoti huingia dimbwi moja. Wanaokunywa wanakunywa maji ambayo kiasi chake cha floridi hakijabandikwa mahali popote pale dimbwini, katika ukanda wa Bonde la Ufa ambao maji yake mengi yana floridi kuliko kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Nakuru ndiyo ushahidi. Kila baada ya muda huzungumzwa mradi wa utalii, wenye hoteli na kiingilio. Mradi ukija kwa namna hiyo, bibi wa Sheema aliyekuwa akishuka bure kila Jumatano atakuwa wa kwanza kufukuzwa kutoka kwenye maji ya kwao. Kinachohitajika ni kidogo kuliko hoteli: vyumba vya kubadilishia nguo, choo kilicho mbali na maji, mfereji wa kutoa maji yaliyotumika, dimbwi la pembeni kwa wenye vidonda, na mtu wa halmashauri anayepima maji na kubandika matokeo kwa Runyankole, kwa maandishi makubwa.

Mpaka hapo, anayepanda basi kutoka Kampala kwenda kuloweka mgongo aende na mambo machache akilini. Asiyanywe maji hayo. Kichwa chake kikae juu ya maji muda wote, na watoto wasiruhusiwe kupiga mbizi. Mwenye kidonda kibichi abaki nje. Aingie kidogokidogo, atoke kabla kichwa hakijaanza kuzunguka, anywe maji safi ya kutosha. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba amuulize daktari kwanza. Na dawa alizoandikiwa aende nazo, azimeze kwa saa zake.